Kaka yuko Minneapolis, mimi niko Arua: chakula cha nani ni ghali?

Swali: Nauza nguo za mivumba (mitumba) sokoni hapa Arua, Uganda. Nyumbani tuko sita: mimi, watoto wanne na mama mkwe, mwenye shamba lake la muhogo na simsim. Chakula kinakula shilingi 110,000 kwa wiki, na wiki ikiwa nzuri napata kama 220,000. Kaka yangu yuko Minneapolis, Marekani, na mke wake na watoto wawili. Anasema wao wanatumia dola 300 kwa wiki dukani, na papo hapo anasema chakula kule ni rahisi. Nimepiga hesabu, dola 300 ni zaidi ya milioni moja ya kwetu! Nani kati yetu ananunua ghali, na nani anakula vizuri? Tena kaka anataka kunitumia dola 50 kila mwezi za chakula. Nizitumie vipi zionekane kwenye sahani?

Jibu: Dada, kabla sijakujibu niruhusu nikuharibie hesabu kidogo, yako na ya kaka.

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuzunguka na dodoso la bajeti za kaya. Unakaribishwa, unakaa kwenye mkeka, unamwuliza mama mwenye nyumba kila kilicholiwa siku saba zilizopita na kiligharimu kiasi gani. Atataja sukari, mafuta, mukene (dagaa), nyama ya Jumapili. Muhogo hataji. Ukimwuliza, anakutazama kama umepotea njia: "Ule si wa shambani?" Hapo ndipo unatoa mzani, unapima unga uliobaki, na unauandikia bei ya sokoni, kwa sababu usingekuwepo angelazimika kuununua. Idara ya Takwimu ya Uganda, UBOS, hufanya hivyohivyo: chakula cha shamba huhesabiwa kama matumizi.

Kwa hiyo nakuuliza na wewe: ule unga wa muhogo na simsim inayotoka shamba la mama mkwe iko wapi kwenye 110,000 zako? Tuseme vina thamani ya shilingi 30,000 kwa wiki. Basi mnakula chakula cha 140,000, na mapato yako halisi ni 250,000. Si nusu tena, ni asilimia 56. Na bado sijagusa makaa. Debe la maharage halijiivishi, na shilingi inayoishia kwenye jiko ni shilingi ya chakula hata kama kwenye dodoso tunaiandika ukurasa mwingine. Wala sijagusa pesa ya posho, yaani ugali wa watoto shuleni.

Kaka naye kasahau yake. Dola 300 ni za dukani. Hajahesabu mkate wa nyama anaonunua mapumziko ya kazi, wala piza ya Ijumaa. Huko kwao zaidi ya nusu ya fedha yote ya chakula sasa hutumika kwa chakula kilichopikwa nje ya nyumba. Mpigie umwulize, atacheka.

Sasa ghali na rahisi. Kiswahili chetu kina ujanja hapa: rahisi ni cha bei ya chini, na rahisi ni kisicho kigumu. Kaka anaposema chakula kule ni rahisi, nadhani anasema maana zote mbili bila kujua. Dola 300 si bei ya chini. Ila hakimsumbui kukipata.

Weka dola kando, tuhesabu saa. Kaka hakutaja mshahara, kwa hiyo tuchukue mfano: analipwa dola 17 kwa saa, na wifi yako kiasi hichohicho, kila mmoja saa 40 kwa wiki. Chakula cha dola 300 kinawatoka kwa saa 18 hivi kati ya saa 80, chini ya robo, kabla ya kodi. Huo ni mzigo mkubwa kwa Marekani. Wastani wao ni kama asilimia 10 au 11 ya kipato kinachobaki baada ya kodi, pamoja na chakula cha mikahawani. Wewe ukikaa sokoni saa 10 kwa siku, siku sita, saa yako moja inaingiza kama shilingi 3,700. Chakula cha 110,000 kinakutoka kwa saa 30 kati ya 60.

Ukigawa kwa vinywa utashangaa. Saa 18 kwa watu wanne ni saa nne na nusu kwa kila mmoja. Saa 30 kwa watu sita ni saa tano. Karibu sawa! Kwa kila mdomo mnatoka jasho linalokaribiana. Tofauti iko ndani ya sahani.

Chukua kuku. Huko kuku mzima wa kilo moja na nusu, amechinjwa, amenyonyolewa, yuko kwenye friji, anauzwa dola sita au saba. Kwa kaka hizo ni dakika 25 za kazi. Kuku wako wa kienyeji wa shilingi 35,000, ambaye bado anakutazama, ni saa tisa na nusu, siku nzima ya kukaa kwenye jua na mivumba yako. Trei ya mayai kwa kaka ni nusu saa na ushei, ingawa alilalamika sana Machi 2025 mafua ya ndege yalipopandisha dazani moja kupita dola 6. Kwako trei ni saa tatu na nusu.

Sasa geuza upande wa pili. Muhogo kwako unatoka shambani. Kwa wifi yako ni bidhaa ya duka la Waafrika, umepakwa nta, umesafiri kutoka Amerika ya Kati, na akiununua anaukatia vipande vidogo kama anakata keki.

Ndiyo jibu la swali lako la kwanza. Vya kushibisha, wewe unapata kwa bei ya chini kuliko kaka. Vya kujenga mwili, yaani nyama, mayai, maziwa, samaki, matunda, wewe unanunua ghali mno, na yeye anaokota. Majirani zetu Baganda wana maneno mawili ambayo wachumi wangefaa kuyaazima: emmere, kile kikubwa katikati ya sahani, na enva, kile cha pembeni cha kutowezea. Pengo la dunia halionekani sana kwenye emmere. Liko kwenye enva, kwenye kitoweo.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, na wenzake walilipima hilo kwenye ripoti yao ya mwaka 2020: mlo bora kwa siku hugharimu karibu mara tano ya mlo wa kushibisha tu kwa wanga. Mara tano. Ripoti yao ya mwaka 2025 inasema watu bilioni 2.6 hawakuweza kuumudu mlo bora mwaka 2024, wakati waliolala na njaa hasa walikuwa kama milioni 673. Hao karibu bilioni mbili walio katikati ndio ninaowazungumzia: si wenye njaa, wana ugali, lakini kitoweo ni cha kuonja.

Na usidhani ni habari za Karamoja kwenye ukame pekee. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa Uganda wa mwaka 2016 ulikuta mkoa uliokuwa na watoto wengi zaidi waliodumaa ni Tooro, asilimia 41 ya walio chini ya miaka mitano. Tooro! Nchi ya matooke, mvua, maziwa na majani mabichi mwaka mzima. Teso, ambako jua huchoma na mvua huja ikipenda, ndiko walikokuwa wachache zaidi, asilimia 14. Chakula si sababu pekee. Kuna maji, malaria, kuzaa kwa karibukaribu, na mama kushinda shambani huku mtoto akiachiwa dada yake mwenye miaka saba. Lakini ukila Teso utaona atap, ugali wa mtama na ulezi, karanga, kunde, samaki wa maziwa yao. Mtoto anayelishwa matooke matupu tumbo hujaa upesi, kwa sababu sehemu kubwa ya ndizi ni maji na wanga, halafu hana nafasi ya kitu kingine. Kitaifa tumeshuka kutoka asilimia 29 mwaka ule hadi 26 mwaka 2022. Polepole.

Kwa nini kuku wa kaka ni wa dakika 25? Watu husema "wazungu wana mashine", wakaishia hapo. Sehemu ya jibu ni mashine kweli: mabanda ya maelfu ya kuku, chakula cha kuku cha mahindi na soya kinachozalishwa kwa wingi, umeme usiokatika, barabara. Katika kila dola ambayo Mmarekani anatumia kwa chakula, mkulima anapata senti 15 au 16 tu. Zilizobaki ni usindikaji, usafiri, duka, wapishi. Kwako wewe, usafiri ni wewe. Arua iko karibu kilomita 500 kutoka Kampala, na sehemu kubwa ya mzigo hupita daraja moja. Unakumbuka mwisho wa mwaka 2024 Karuma ilipofungwa karibu miezi mitatu kwa matengenezo, malori na mabasi yakazungushwa njia ndefu. Sukari na sabuni zilikuwa zinasafiri kwa gharama ya mzunguko ule, na aliyelipa si mwenye lori.

Halafu kuna kavera, kile kimfuko cha plastiki. Hili nalipenda, kwa sababu watu hawaliamini mpaka uwaonyeshe. Siku moja nilinunua mafuta ya kupikia ya shilingi 500 kwenye kibanda, yale yanayofungwa fundo kwenye mfuko mwembamba kama kidole gumba. Nikayamimina kwenye sindano kubwa ya hospitali, isiyo na ncha. Yalikuwa mililita 50, tena nikikamua mpaka fundo. Maana yake lita moja kwa makavera ni shilingi 10,000. Pale pale, rafu ya nyuma, lita iliyofungwa kiwandani ilikuwa 7,500. Mama mwenye kibanda hakuwa mwizi. Anafunga, anasubiri, anakopesha, na kazi hiyo ina malipo yake. Lakini matokeo ni kwamba asiye na 7,500 mfukoni analipa bei ile mara moja na theluthi. Ni vivyo hivyo kwa sukari ya kupima, makaa ya kopo, sabuni ya kipande. Kaka anafanya kinyume: anajaza gari mara moja kwa wiki kwenye duka la jumla na kupunguziwa bei kwa sababu tu ana friji na gari.

Kuhusu hii asilimia 56, usijione umerogwa. Mwaka 1857 mtakwimu mmoja wa Saxony, Ujerumani, Ernst Engel, alichukua bajeti za familia za wafanyakazi wa Ubelgiji akaona kwamba kadiri familia ilivyokuwa maskini, ndivyo sehemu ya fedha iliyoishia tumboni ilivyokuwa kubwa. Familia zile za Ulaya zilikuwa zinatumia zaidi ya nusu, kama wewe. Wamarekani wenyewe, utafiti wa mwaka 1955 uliwakuta wakitumia theluthi moja, na miaka michache baadaye mchumi wao Mollie Orshansky akaizidisha bei ya chakula cha kubana matumizi kwa tatu kupata mstari wa umaskini. Mstari huo, ukirekebishwa kila mwaka kwa mfumuko wa bei, ndio wanaoutumia mpaka leo. Siku hizi kwa chakula cha nyumbani pekee, Marekani iko chini ya asilimia 7 ya matumizi ya kaya, Kenya zaidi ya nusu, na Nigeria karibu 59.

Kinachonikera mimi kwenye asilimia hiyo si ukubwa wake siku ya kawaida. Ni siku bei zikiruka. Chakula kikipanda kwa moja ya tano, kaka anapoteza kama asilimia 4 ya kipato chake na kuahirisha viatu. Wewe unapoteza 11, na huna viatu vya kuahirisha. Ndiyo yaliyotokea mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipopandisha ngano na mafuta ya kula duniani kote. Siku ya Wafanyakazi mwaka ule Rais Museveni aliwaambia Waganda kwamba kama mkate hakuna, wale muhogo. Watu walikasirika na wengine walicheka, lakini mimi nilichojiuliza ni kingine: muhogo kwa nini? Mkate na muhogo vyote ni emmere. Nyumba nilizozijua hazikupungukiwa muhogo mwaka ule. Zilipunguza mafuta kwenye sufuria, zikaondoa maziwa kwenye chai, zikahamisha samaki kutoka mara tatu kwa wiki hadi mara moja. Tumbo halikutoa sauti, na kwa hiyo hakuna aliyehesabu.

Usimwonee kaka wivu wa kupita kiasi. Takwimu za afya za Marekani zinaonyesha kwamba asilimia 55 ya kalori wanazokula hutoka kwenye vyakula vilivyosindikwa kupindukia: soda, biskuti, soseji, nafaka za sukari za asubuhi. Watu wazima wanne katika kumi wana unene uliopita kiasi. Na mwaka 2023 kaya milioni 18 za huko zilikuwa na wakati ambao hazikuwa na hakika ya chakula. Kwake nyama ni rahisi na soda ni rahisi zaidi. Kama wanawe wanakunywa soda kila mlo, wako wanaokula kunde na boo (majani ya kunde) wamewazidi kwa hilo. Kwa protini na maziwa, wao wamewazidi wako.

Sijamaliza na ngazi hii, kwa sababu wewe si wa mwisho. Wateja wako wengine, nadhani, wanatoka kambi za wakimbizi za Rhino Camp na Imvepi. Mgao kamili wa chakula wa mkimbizi Uganda, ukilipwa kwa fedha, ulikuwa shilingi 31,000 kwa mtu kwa mwezi mzima. Fedha za wafadhili zilipopungua ukashushwa hadi 22,000 mwaka 2020, kisha 19,000 mwaka 2021, na mwaka 2025 karibu watu milioni moja waliondolewa kwenye orodha kabisa. Kwa kulinganisha, msaada wa juu kabisa wa chakula ambao serikali ya Marekani iliwapa maskini wake mwaka huohuo ulikuwa dola 975 kwa mwezi kwa familia ya wanne: karibu shilingi 880,000 kwa kila kichwa. Ni mara 28 ya mgao ule kamili, ule wa kabla ya kupunguzwa. Niambie shilingi inanunua zaidi hapa kuliko dola kule, nakubali. Gawanya kwa tatu. Bado ni mara tisa. Na Mmarekani anayepokea ule msaada anaitwa maskini, na kwao ni maskini kweli.

Haya, dola 50 za kaka.

Zikifika zitakuwa kama 180,000, na zitaanza kunyofolewa njiani. Kutuma fedha Afrika kusini mwa Sahara ndiko ghali zaidi duniani, wastani ni kama asilimia 8, ingawa kwa simu mara nyingi hupungua. Ukizitoa kwa wakala, kuna ada na kodi ya nusu asilimia. Mwambie kaka atume dola 100 kila baada ya miezi miwili badala ya 50 kila mwezi, ili ada ya kutuma ilipwe mara moja tu.

Usiziingize kwenye 110,000 za kawaida. Ukizichanganya zitageuka kuwa sukari na posho, nami nimeona hilo kwenye nyumba nyingi mno. Ziwe za kitoweo tu. Mafuta ya dumu la lita tano, siyo kavera. Trei mbili za mayai kwa mwezi, mtoto mdogo kuliko wote akipewa kwanza. Yai analopewa mwenye miaka miwili halilingani na analopewa mwenye kumi na miwili. Kilo mbili za mukene, wale wakavu wasio na mchanga, saga nusu iwe unga wa kunyunyiza kwenye uji na mboga, hata mama mkwe asiyependa macho yao atakula. Maharage nunua gunia dogo wakati wa mavuno, mkiwa majirani wawili au watatu, yakaushe vizuri na kuyafunga yasiingie wadudu. Yaloweke usiku kucha kabla ya kupika na makaa yatapungua. Kwa bei za kawaida hapo utakuwa umetumia kama 130,000 au 140,000. Zinazobaki ni za parachichi, papai na boo, na za siku mtoto akiugua.

Kitu kimoja hakihitaji dola. Mwombe mama mkwe akupe matuta mawili ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa, Kabode au Vita. Viliboreshwa hapahapa Uganda. Mtafiti wetu Robert Mwanga alishiriki Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 kwa kazi hiyo. Vina vitamini A ambayo viazi vyeupe havina, na watoto huvipenda kwa sababu ya rangi. Mbegu ni mashina tu. Jirani hukupa bure ukimwomba baada ya mvua.

Mwezi wa kwanza andika kila kitu kwenye daftari la shule, pamoja na muhogo wa shambani kwa bei ya sokoni. Kisha zipige picha kurasa hizo umtumie kaka, na yeye akutumie risiti zake, ile ya piza ikiwemo.